Nyanya za Fundi Saa

Mvua ilipokosekana mwaka wa pili mfululizo, bustani zote za mtaa ule zilikauka isipokuwa moja. Ilikuwa ya Fundi Saa. Ukipita nje ya ukuta wake mfupi ulikuta nyanya zimeinamisha vijiti kwa uzito, bilinganya zinang'aa kama viatu vya bwana harusi, na mchicha umenenepa hadi unaziba njia ya kwendea jikoni. Watu walisimama. Wengine walitoa simu wakapiga picha. Mwenyewe alishinda sokoni kwenye kibanda chake cha kioo, akibadilisha betri za wachache waliobaki na saa mikononi, na jioni akirudi alipunguza mwendo karibu na ukuta ili awakute hao wanaoshangaa.

"Fundi, kumbe una dawa na hutuambii!"

"Hakuna dawa. Kopo moja la maji yaliyooshewa vyombo kwa kila shina, jua likishapoa. Basi. Mengine ni kuijua ardhi."

Na hakuwa mwongo. Kopo lilikuwepo, la maziwa ya unga, limeingia kutu mdomoni. Maji ya kuoshea vyombo yalikuwepo, kwenye ndoo nyuma ya mlango. Hakuna aliyewahi kumwona ameshika mpira wa maji, kwa sababu hakuushika. Jiji lilikuwa limepiga marufuku, na yeye alikuwa mtu wa kufuata sheria hata zile ambazo hazina mlinzi.

Jiji lilikuwa na mpango wake. Maofisa walipita nyumba kwa nyumba, wakang'oa mita za zamani, ambazo nyingine zilikuwa zimelala usingizi miaka, wakaweka mpya. Waligawa mipira ya kuzuia bomba kudondosha. Kila nyumba ilipewa kiwango chake, uniti kumi na mbili kwa mwezi, na mwisho wa mwezi msoma mita angebandika karatasi getini: ya kijani kwa aliyebana, ya njano kwa aliyezidisha kidogo, nyekundu kwa aliyefuja. Mwenye wasiwasi na mabomba yake aliruhusiwa kupiga simu, akaguliwe bure. Zaidi ya hayo, kila mtaa ungechaguliwa bustani moja ya mfano, na mwenye nayo angepewa tangi la kuvunia maji ya mvua na mipira ya kumwagilia kwa matone.

"Mtaa huu bustani ya mfano ilishajichagua yenyewe," alisema Karani, jirani na rafiki wa Fundi Saa, aliyestaafu ofisi ya ardhi na kubaki na suruali za ofisi. Wote walikubali, na Fundi Saa hakubisha.

Mkutano wa mtaa ulifanyika Jumapili kwenye darasa la shule ya msingi. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Ofisa wa jiji alimwita Fundi Saa mbele awafundishe wenzake, na Fundi Saa aliyekuwa amepangiwa dakika kumi alizungumza dakika arobaini. Alipomaliza, mkono mmoja ukanyooshwa. Alikuwa Mama Pacha, fundi cherehani wa sare za shule, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Miezi miwili kabla, Fundi Saa alikuwa amempa miche kumi na miwili ya nyanya.

"Fundi, mimi nilifanya vilevile ulivyoniambia. Kopo moja, jioni. Miche yote imekufa. Nilitaka tu kujua nimekosea wapi."

Fundi Saa alikuwa bado amelewa sifa. Akatabasamu kwa darasa zima. "Mama Pacha, mmea ni kama mtoto mchanga. Unamjua anayeubeba kwa mapenzi na anayeubeba kwa kutegea. Mkono wa mvivu haufichiki."

Darasa likaangua kicheko. Mama Pacha naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeshiriki ili asionekane amechomwa. Aliangalia viganja vyake, akakaa. "Nisamehe, Fundi. Nimekuharibia miche yako."

Nyuma kabisa, karibu na mlango, mke wa Fundi Saa hakucheka. Alikuwa mkunga katika zahanati ya eneo hilo, na mtaa mzima ulimwita Mkunga. Alimtazama mumewe hadi mumewe akaangalia pembeni.

*

Karatasi ilibandikwa siku ya Jumatatu. Aliyeiona kwanza ni Kitindamimba, binti yao wa mwisho, aliyekuwa akitoka kwenda kazini kwenye duka la kurudufu karatasi. Akarudi ndani na mkoba begani.

"Baba, tumepewa nyekundu."

"Wamekosea nyumba."

"Wameandika namba yetu. Uniti ishirini na tisa."

Fundi Saa alitoka na ndara, kikombe cha chai mkononi. Akaisoma karatasi, akainama akaisoma mita, akarudia karatasi. Mita ilikuwa mpya, kioo chake bado kina kibandiko cha kiwandani. Alitamani kusema ni mbovu lakini alijua vyombo vidogo vyenye magurudumu ndani, na kile kilikuwa kizima.

Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umeisoma. Watu waliendelea kusimama ukutani, ila sasa walitazama karatasi kwanza, halafu nyanya, halafu wakatazamana wao kwa wao. Hakuna aliyetoa simu.

Karani alikuja na ubao wa dama kama kawaida yake. Walicheza mchezo mmoja. Katika wa pili Karani akasukuma kete, akasema bila kuinua macho, "Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sasa najiuliza, fundi wa bustani akisifiwa, maji anayatia wapi?"

"Unasema namwagilia kwa kujificha?"

"Mimi sijasema kitu, ndugu yangu. Mita ndiyo imesema."

"Umenijua miaka ishirini na mitatu!"

"Ndiyo. Na mita nimeijua mwezi mmoja. Ila wewe unapenda kusifiwa, yenyewe haipendi."

Fundi Saa alikusanya kete zake kabla mchezo haujaisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Karani akakunja ubao, akamuaga shemeji yake kupitia dirisha la jikoni, akaenda zake.

*

Kuanzia siku iliyofuata nyumba iliwekwa chini ya utawala mpya. Fundi Saa alitia chupa ya mchanga ndani ya tangi la choo ili lijae kidogo. Maji ya kufulia yakawa ya kupigia deki, na ya deki yakawa ya chooni. Bomba la uani alilifunga kwa waya. Kisha akahamia bafuni. Binti yake akioga, yeye alisimama nje ya mlango na saa mkononi.

"Dakika nne!"

"Baba, nina sabuni machoni!"

"Jifute na taulo!"

Kitindamimba alikuwa na miaka ishirini na miwili, na mshahara wake ndio ulionunua hiyo sabuni. Alitoka na jicho jekundu, akampita baba yake bila salamu. Kesho yake alioga kwa jagi moja, nywele akaenda kuziosha kwa rafiki yake mtaa wa pili, na alimwambia mama yake kwamba njiani amejisikia kama ombaomba.

Halafu ikaja zamu ya gauni jeupe. Mkunga alilifua kila arudipo kazini. Jioni moja mumewe alimkuta ameinama kwenye beseni, akakohoa.

"Nilikuwa nafikiria, mke wangu. Kama ungelivaa mara mbili ndipo ulifue..."

Mkunga alinyoosha mgongo polepole, mikono ikimwagika povu. "Leo nimezalisha wanawake wanne. Unataka nikampokee wa tano na damu ya wa nne kifuani?"

"Sikumaanisha hivyo."

"Ulimaanisha nini?"

Fundi Saa aligeuka. Akaenda kuchota kopo lake la maji ya vyombo, akamwagilia mashina yake moja baada ya jingine, na nyanya zikaendelea kunenepa pale mbele yake kana kwamba hazimo katika shida za nyumba hiyo.

Kila asubuhi alisoma mita na kuandika kwenye karatasi ya kalenda. Pamoja na machupa, majagi na macho mekundu, uniti zilipungua, lakini si kwa kiasi alichotarajia. Watu watatu walikuwa wakiishi kama wako jangwani na bado mita ilikula kama nyumba ya wageni. Siku ya tisa, mezani, aliweka kijiko chini.

"Humu ndani kuna mtu anamwaga maji."

Binti alimwangalia mama yake. Mama alimwangalia mume wake.

"Tuko watatu," Mkunga alisema. "Taja jina."

Fundi Saa akachukua kijiko chake tena.

"Kuna wakaguzi wa bure," mkewe akaongeza, sasa kwa upole. "Tuwapigie simu waje waangalie mabomba."

"Kuomba kukaguliwa ni kukiri. Mtaa ukiona gari la jiji hapa utasema nimekamatwa."

"Mtaa unasema hivyo tayari."

"Basi usipewe ushahidi."

*

Mkunga alikuwa na mapumziko siku ya Alhamisi. Alisubiri mume aende sokoni na binti aende dukani. Akafunga kila bomba la nyumba, akazungusha koki ya choo hadi ikakataa, akaondoa hata kikombe kilichokuwa kikikinga tone kwenye sinki. Kisha akachukua kigoda, akaenda getini, akafunua kifuniko cha mita na kukaa kando yake.

Ndani ya kioo, chini ya tarakimu, palikuwa na kinyota kidogo chekundu. Alikwishaambiwa na msoma mita kwamba hicho ndicho kinachohisi hata tone. Alitoa saa yake aliyoibana kifuani, akaishika kama anavyoishika akihesabu mapigo ya moyo wa mama mjamzito, akatulia.

Kinyota kilizunguka. Hakikuwa na haraka, wala hakikusita. Kilizunguka na nyumba imefungwa, hakuna anayeoga, hakuna anayefua, hakuna wa kusingiziwa. Mkunga alikitazama dakika kumi na tano nzima. Mpita njia mmoja alimsalimu, akajibu bila kugeuka. Alipoinuka alikuwa na hasira na furaha kwa pamoja, na mguu mmoja umekufa ganzi. Akapiga simu mpango wa jiji.

*

Jumamosi asubuhi palipigwa hodi. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, viatu vya mpira hadi magotini, begani amebeba fimbo ndefu ya chuma yenye kikombe cha mbao kichwani. Alikuja kwa miguu. Mkunga ndiye aliyeomba gari lisifike mlangoni.

"Karibu. Unaitwa nani na umetumwa na nani?" Fundi Saa aliuliza kutoka kwenye mchicha.

"Natoka mpango wa maji, baba. Kazi yangu ni kusikiliza mabomba. Mama ndiye aliyetupigia."

Fundi Saa akamgeukia mkewe. Mkunga alikuwa ameshika kiuno. "Nimefunga kila kitu, nimekaa pale robo saa nzima, na mita imezunguka," alisema. "Mimi si mwizi wa maji. Mwanangu si mwizi wa maji. Leo nataka nijue ni nani."

Kwa mara ya kwanza tangu karatasi ibandikwe, Fundi Saa alihisi kitu kingine mbali na aibu yake mwenyewe. Akasogea, akampisha mgeni.

Msikilizaji alianzia kwenye mita. Alisimika ncha ya fimbo chini, akaweka sikio kwenye kikombe cha mbao, akafumba macho. Akasogea hatua mbili, akasimika tena. Kitindamimba alitoka na mswaki mdomoni kuja kushuhudia. Hatua mbili, sikio, kimya. Alipita mlango wa mbele. Alipita dirisha la chumba. Akakata kona, akaingia upande wa bustani.

"Bomba lenu linapita huku kwenda jikoni?"

"Linapita," Fundi Saa alisema. "Lilizikwa kabla hatujahamia. Lakini huko hapana kitu, mama. Hiyo ni bustani."

Mwanamke aliinua fimbo. Alipenya katikati ya matuta, akichagua pa kukanyaga kwa heshima. Akasimika fimbo kati ya nyanya na bilinganya. Akasikiliza muda mrefu. Kisha akamwita Mkunga kwa kidole, akampisha naye aweke sikio.

Mkunga alisikiliza. "Kama sufuria inataka kuchemka," alinong'ona.

"Ndiyo hiyo."

"Hapo kuna bilinganya," Fundi Saa alisema, kana kwamba bilinganya ni kinga.

"Baba, nitachimba kidogo tu. Nikikosa, nitafukia na kukuomba radhi."

Hakukosa. Alichimba kwa koleo fupi, na kina cha mkono mmoja udongo ukageuka tope. Kina cha mikono miwili, maji yakaanza kujikusanya shimoni, safi, yakibubujika kutoka kwenye kiungio kilicholiwa na kutu. Mizizi ya nyanya ilikuwa imelizunguka bomba pande zote, myeupe, minene, mingi kama nywele za kichwa ambacho hakijawahi kuona kitana. Ilikuwa imelala mdomo wazi kwenye maji ya jiji.

 Kisha Msikilizaji, ambaye hakujua chochote kuhusu sifa za mtaa huo, akacheka kwa moyo mweupe. "Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi! Baba, hizi nyanya zako zilikuwa na bomba lao la siri. Miaka mingi hii. Hata usingezimwagilia tone, zingekunenepea tu."

Kitindamimba aliutoa mswaki mdomoni. Alitaka kucheka, akamwona baba yake, akaacha.

Fundi Saa alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa shimo. Alitia vidole ndani ya maji, akavitoa, akaviangalia. Kopo lake lilikuwa limesimama pale pale karibu ya goti lake.

Msikilizaji alifunga maji, akakata kipande kilichooza, akaweka kipya na viungio viwili, akafukia. Kinyota cha mita kikasimama tuli. Alipokuwa akijaza fomu yake getini, alimwambia Mkunga, "Hapa naandika tu: bomba lilivuja, limetengenezwa. Mwezi ujao karatasi itabadilika. Mahali lilipovujia si lazima niandike."

Fundi Saa alilisikia hilo.

*

Mchana alijilaza bila kulala. Mkewe aliingia, akakaa ukingoni mwa kitanda akikunja nguo.

"Nimewatesa," alisema Fundi Saa, akiitazama dari.

"Umetutesa."

"Yule mtoto atanisamehe?"

"Muulize mwenyewe. Ila muulize ukiwa umemshikia jagi la maji ya moto."

Fundi Saa karibu acheke. Halafu uso ukarudi ulikokuwa. "Nyinyi mnaweza kunyamaza. Mtaa utaona karatasi ya kijani, utasema mita ilikosea."

"Mimi nitanyamaza. Nimeficha siri kubwa kuliko hiyo, za wanawake wa mtaa huu wote." Mkunga alikunja shuka, akalilaza juu ya mengine. "Lakini Mama Pacha alikuja zahanati wiki iliyopita na mmoja wa wale watoto, ana mafua. Nikamuuliza habari za bustani. Akasema ameacha. Akasema, 'Nina mkono mbaya, Mkunga, tangu nikiwa mdogo naambiwa.' Akanionyesha na kiganja, kana kwamba kimeandikwa."

Aliinuka akaondoka na nguo. 

Saa kumi Fundi Saa alivaa shati safi na viatu, akatembea zile nyumba tatu. Mama Pacha alikuwa barazani kwenye cherehani, rundo la kaptula za bluu pembeni yake. Kwenye kiwanja kidogo mbele ya nyumba, vijiti kumi na viwili vilisimama bila mmea. Kando ya jiwe la kufulia tu ndipo palikuwa na kijani: kunde zilizotambaa zenyewe kuelekea kwenye maji machafu.

"Karibu, Fundi. Umeleta saa au umefuata kaptula?"

"Nimekufuata wewe, Mama Pacha. Nina maneno."

Alimweleza akiwa amesimama. Alieleza vibaya, alianzia katikati, akarudi nyuma, akataja kiungio na kutu na mizizi. Cherehani ilipunguza mwendo, ikasimama.

"Hebu rudia," Mama Pacha alisema.

Akarudia.

"Kwa hiyo kopo moja halitoshi?"

"Halitoshi. Si kwa nyanya, si kwa jua hili. Hakuna ambaye zingemwotea. Hata mimi hazikuniotea. Ziliota zenyewe, mimi nilikuwa nazitazama."

Mama Pacha aliangalia vile vijiti. Midomo ilimcheza. Fundi Saa alidhani atalia, akajiandaa kwa hilo, lakini alichosikia ni kicheko kilichotoka tumboni, kikamkunja juu ya cherehani hadi wale pacha wawili wakatoka ndani kuuliza mama ana nini. "Mkono wangu!" alisema akipangusa macho. "Jamani, mkono wangu hauna kitu!" Akawashika watoto vichwa, mmoja huku na mwingine huku. Kicheko kilipoisha, uso wake ulikuwa makini.

"Fundi, mimi nimekusamehe, sina kinyongo. Lakini ule uvivu ulinivisha mbele ya watu."

"Ni kweli."

"Basi nivue mbele ya watu hao hao."

Fundi Saa alikubali kwa kichwa. "Mkutano ni kesho," alisema.

"Najua. Nitakaa mbele."

*

Na alikaa mbele, na pacha wake kushoto na kulia, wamevaa vizuri kama wanakwenda kupigwa picha. Fundi Saa aliomba nafasi. Safari hii alizungumza dakika tatu. Alisema bomba lilivuja chini ya nyanya zake, kwamba sifa zote alizopewa zilikuwa za kutu, kwamba alimwita mvivu mwanamke aliyefanya kila alichoambiwa. "Mama Pacha," alisema, "ulikosea sehemu moja tu, nayo ni kunisikiliza mimi."

Darasa likalipuka. Walicheka, wakapiga madawati, mzee mmoja akajifuta machozi kwa kofia. Fundi Saa alisimama katikati ya kicheko hicho, mikono pembeni, akakiacha kimpige. Karani ndiye aliyecheka kuliko wote, na ndiye aliyeinuka kwanza, akaja mbele na kumshika bega. "Ndugu yangu, nilikukosea pale kwenye dama. Nilisema unamwagilia kwa siri. Kumbe hata wewe ulifichwa."

Mtu akauliza kutoka nyuma, "Sasa Fundi, kwa jua hili, sisi tupande nini?"

"Sijui," alisema Fundi Saa. Mkewe, karibu na mlango, aligeuza kichwa kama aliyeitwa jina. Katika ndoa ya miaka ishirini na saba hakuwahi kulisikia neno hilo kutoka katika kinywa hicho. "Sijui, lakini kwa Mama Pacha kuna kunde zinaishi kwa maji ya kufulia. Mimi nitaanzia kumuuliza yeye."

Kilichofuata hakikutarajiwa na mtu. Wiki hiyo nyumba tisa zilipiga simu kuomba Msikilizaji. Wengine walikuwa wameona mita zao zikizunguka wakaogopa kusema, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Nyumba nne zilikutwa zinavuja. Mwenye nyumba mmoja, bomba lake lilivujia chini ya sakafu ya sebule, akaelewa hatimaye kwa nini mkeka wake unaota ukungu.

Bustani ya mfano alipewa Karani. Alikuwa na mishubiri sita kando ya ukuta ambayo hakuwa ameimwagilia kwa miaka minne, si kwa kubana matumizi bali kwa kusahau, na maofisa walipoiona wakapiga makofi. Aliletewa tangi na mipira ya matone. Mishubiri haikuhitaji matone, kwa hiyo aliipeleka mipira kwa Mama Pacha kwa toroli, akidai ni nzito inamziba njia, na Fundi Saa akashinda Jumamosi nzima kwa magoti akiitandaza pale vilipokuwa vijiti, huku mwenye nyumba akimwelekeza kutoka kwenye cherehani: hapana Fundi, kushoto, hapana Fundi, umeshaukanyaga.

Nyumbani kwake mambo hayakuwa mazuri bustanini. Bila lile bomba, mchicha ulinyong'onyea siku tatu. Bilinganya zikafuata. Fundi Saa alitandaza majani makavu juu ya matuta ili udongo usikaushwe na jua, akaelekeza maji ya bafuni huko kwa mfereji, akang'oa mashina mengi ili machache yaishi. Kitindamimba alimsaidia kuchimba mfereji. Alikuwa ameoga maji ya moto, muda wote alioutaka, na aliimba kwa makusudi ili baba yake asikie. Mashina matatu ya nyanya yalishika roho. Yalikuwa membamba, majani yamejikunja, na kwa mwezi mzima yalimpa matunda manne, madogo kama mayai ya njiwa, ngozi ngumu.

Mawili alimpelekea Mama Pacha. Mawili aliyaweka kwenye kisahani jikoni.

Mkunga alirudi kutoka kazini akakikuta kisahani. Bado yumo ndani ya gauni lake jeupe, alichukua moja, akalipasua kwa kisu, akanyunyiza chumvi, akala akiwa amesimama. Aliacha kutafuna. Akamwita mumewe.

"Onja."

"Usinipoze, mke wangu. Nimeyaona yalivyo."

"Nimesema onja."

Fundi Saa alichukua nusu iliyobaki. Alikuwa amekula nyanya zake kubwa miaka yote hiyo na alikuwa amezisifia, lakini zilikuwa na maji zaidi ya ladha, na hakuwahi kulijua hilo kwa kuwa hakuwa na za kulinganisha nazo. Hii ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu hadi nyuma ya taya, utamu wa kitu kilichobana kila tone kililopata. Akamtazama mkewe, mkewe akatikisa kichwa kukubali.

"Nimwite mtoto?" aliuliza.

"Mwite," Mkunga alisema, na tayari alikuwa amelishika la pili, akiligawa mara tatu.